Kompyuta ikigoma mlangoni, tusikimbilie kufuta

Mazungumzo kwa wanachama katika mkutano mkuu, Baraka. Komite imeomba yaandikwe humu ili wale wa vijiji vya mbali, pamoja na wafadhili wetu, nao wayapate.



Nimepewa nusu saa niongee juu ya kompyuta. Najua wengine hapa wanajiuliza: sisi ni wakulima na wavuvi, hayo yanatuhusu nini? Basi tuulizane kwanza kuna nini ndani ya ile mashini ya biro. Wengi wenu mulivuka ziwa mwaka 1996, mukakaa Nyarugusu, mukakaa Lugufu. Meli za kurudisha watu kutoka Kigoma zilipoanza kufika hapa Baraka, Oktoba 2005, kuna waliokuta mtu mwingine analima shamba la baba yao. Yale makubaliano yaliyopatikana mbele ya chifu na majirani yaliandikwa, watu wakatia sahihi na vidole, na picha ya kila karatasi ikaingizwa katika kompyuta. Karatasi zenyewe, munajua hali yake: nyingine mchwa wamekula, nyingine zimelowa. Kwa familia kadhaa nakala iliyobaki ni ile tu ya ndani ya mashini. Na humo humo kuna daftari la mfuko wa AVEC: nani alikopa, nani amerudisha, nani bado.

Sasa mwezi uliopita, Jumatatu asubuhi, katibu aliwasha mashini. Alama ya Ubuntu ikatokea, ikazunguka, halafu ekra ikawa nyeusi. Akazima, akawasha tena. Mara hii ile skrini ya kuingilia ilitokea, akaandika neno la siri, ekra ikapepesa mara moja, halafu ikamrudisha pale pale, kuandika neno la siri. Mara tano hivyo. Fundi mmoja wa mjini akaitwa. Akaangalia dakika kumi, akasema sistemi imekufa, dawa ni kuformati, dola 60, na vitu vya ndani havitapatikana. Mhasibu alishaanza kutafuta hizo pesa. Mashini ilipona siku ya pili yake, bila dola 60 na bila kupoteza hata karatasi moja. Lakini ingeweza kwenda upande mwingine kirahisi kabisa, njo maana tunaongea leo.

Nieleze ile skrini ya kuingilia ni kitu gani. (Sisi tuliotoka Tanzania tunasema kompyuta, waliobaki huku wanasema ordinatere, mimi leo nitasema mashini, tusigombane.)

Fikirini safari ya meli kutoka Kigoma. Kwanza injini inawaka: hiyo ni ile sehemu ya mashini inayoamka ukibonyeza kifungo, inahesabu kama klavie iko, kama diski iko. Halafu nahodha anachagua njia: hiyo ni programu ndogo inayoitwa GRUB, kazi yake ni kutafuta sistemi kwenye diski na kuiita. Halafu meli inatembea: kiini cha sistemi, kernel, kinachukua uongozi na kuamsha huduma moja moja, za saa, za sauti, za mtandao. Mwishoni kabisa munafika bandarini, na pale pana karani ameketi na meza. Anauliza: wewe nani? Karatasi yako iko wapi? Huyo karani njo skrini ya kuingilia. Katika Linux ni programu kama programu nyingine. Kwenye Ubuntu ya kawaida inaitwa GDM, kwenye Xubuntu na Linux Mint utakuta LightDM.

Karani akiugua, abiria wanakwama bandarini. Lakini mizigo haijazama. Meli imefika. Mizigo iko ndani ya meli, kavu.

Hii haitokani na bahati. Mashini za aina hii zilianza na maandishi matupu. Mfumo wa kuchora madirisha unaoitwa X ulizaliwa mwaka 1984 kule MIT, Marekani, na ukawekwa juu ya sistemi kama kitambaa juu ya meza. Meza ilikuwepo tayari. Kwa hiyo hata leo, mlango wa picha ukigoma, mlango wa zamani wa maandishi mara nyingi unabaki wazi nyuma ya nyumba. Wengi hawaujui tu.

Kabla ya kuugusa huo mlango wa nyuma, fundi au katibu anapaswa kuangalia kwa macho mashini imesimama wapi. Mutu akija dispansari anasema "naumwa", muuguzi anamuuliza unaumwa wapi. Kama ekra haiwaki kabisa na hakuna taa, hiyo ni habari ya umeme au ya vyuma, wala siyo ya skrini ya kuingilia. Kama alama ya Ubuntu inatokea halafu giza, au unaona kimstari kinachopepesa pembeni juu, meli imetembea lakini karani hakuja. Kama skrini ya kuingilia inatokea, unaandika neno la siri, na inakuambia neno siyo sahihi, basi karani ni mzima, tatizo ni wewe au klavie yako. Na kama haisemi kosa lolote, inakupokea halafu inakurudisha, basi neno lako ni sahihi, karani amekukubali, ila ukipiga hatua ndani kuna kitu kinakusukuma nje. Hiyo ya mwisho watu wanaichanganya sana na ile ya neno la siri. Wanaanza kubadilisha neno la siri, wanasumbuka bure.

Niseme kidogo juu ya klavie, juu hapa kwetu inatesa watu kuliko ugonjwa wowote. Mashini nyingi tunazo kutoka Ubelgiji na Ufaransa, herufi zake zinaanza A-Z-E-R-T-Y. Mashini nyingine zinatoka Uingereza au zimepita Dar es Salaam, zinaanza Q-W-E-R-T-Y. Skrini ya kuingilia inaweza kuamka na mpango mmoja wakati vifungo vyako ni vya mpango mwingine. Unabonyeza A, yenyewe inaandika Q. Unabonyeza Z, inaandika W. Unabonyeza M, inaandika alama ya nukta na mkato. Na tarakimu za juu, kwenye klavie ya Kifaransa, zinataka ushikilie kifungo cha herufi kubwa. Neno la siri linaonekana kama vidoto tu, kwa hiyo huoni kosa. Kwenye GDM angalia pembe ya juu kulia: kama sistemi inajua mipango miwili, utakuta herufi mbili tatu, fr au en, unabonyeza na kubadilisha. Na kabla ya kumlaumu mtu, angalia kama taa ya herufi kubwa inawaka, na kama ile ya tarakimu za pembeni imezimika.

Sasa mlango wa nyuma. Mukiwa kwenye ekra nyeusi, au kwenye ile skrini inayowarudisha, shikilieni Ctrl na Alt pamoja, halafu bonyezeni F3. Kwenye mashini ndogo za kubeba mara nyingine inabidi kuongeza kifungo cha Fn. Ekra itakuwa nyeusi yenye maandishi meupe, inauliza jina la mtumiaji. Andika jina, siyo lile lenye herufi kubwa unaloliona kwenye picha, bali lile fupi lililowekwa siku ya kuinstali. Halafu neno la siri. Hapa watu wanaogopa: ukiandika neno la siri hakuna kinachoonekana, hata vidoto hakuna. Usidhani klavie imekufa. Andika tu mpaka mwisho, bonyeza Entrée.

Kama unashuku klavie inaandika vingine, kuna ujanja mdogo. Pale inapouliza jina la mtumiaji, herufi zinaonekana. Jaribu kuandika pale zile herufi za neno lako la siri, uone zinatoka vipi, halafu uzifute zote kabla ya kubonyeza Entrée. Lakini kwanza angalia nani amesimama nyuma yako.

Ikikubali, utaona mstari unaoishia na alama ya dola. Mupo ndani. Nyumba haijaungua. Ile Jumanne, mstari huo ulipotokea, katibu aliandika "ls", kisha akaingia kwenye folda ya mashamba, na majina yote ya familia yakashuka kwenye ekra kama yalivyokuwa. Kabla ya kutengeneza chochote, tulichomeka flashi tukanakili folda mbili: ya mashamba na ya AVEC. Huo utaratibu naomba tuushike kama sheria ya chama: kwanza nakala, halafu matengenezo. Hata fundi awe hodari namna gani.

Baada ya nakala, swali la kwanza nililouliza mashini lilikuwa "df -h". Hizo ni herufi mbili, nafasi, kistari, herufi moja. (Kwenye klavie ya Kifaransa iliyoamka kwa mpango wa Kiingereza, kistari kiko kwenye kifungo cha mabano ya kufunga, kulia ya sifuri. Andikeni hilo ukutani, litawaokoa.) Mashini inajibu kwa orodha: kila sehemu ya diski, ukubwa wake, iliyotumika, iliyobaki. Tafuta mstari unaoishia na alama moja tu ya mkwaju, hiyo njo sehemu kuu. Yetu ilionyesha 100%.

Diski imejaa. Basi. Huo ulikuwa ugonjwa wote.

Juu ya nini diski iliyojaa inafunga mlango? Karani akikupokea, anahitaji kuandika vitu vidogo: umeingia saa ngapi, dirisha lako ni lipi, ufunguo wa muda wa kikao chako. Akikosa mahali pa kuandika hata mstari mmoja, kikao kinakufa kabla hakijaanza, na unarudishwa mlangoni. Naye hawezi kukueleza sababu, maana hata barua ya kueleza hana karatasi ya kuiandikia. Mlango wa maandishi hautaki vitu vingi hivyo, njo maana unafunguka. Tena wale waliotengeneza mpangilio wa diski unaoitwa ext4, ambao Ubuntu inautumia, waliacha akiba: kwa kawaida asilimia 5 ya diski inahifadhiwa kwa msimamizi peke yake. Watu wa kawaida wakimaliza nafasi yote, msimamizi bado ana pa kukanyaga ili afanye usafi. Mimi napenda sana hiyo akili. Mama zetu wanaifanya na mbegu: kuna debe ambalo hata njaa ikiingia halifunguliwi.

Usafi wenyewe ulichukua kama saa moja. "sudo apt clean" inafuta vifurushi vya programu vilivyoshushwa zamani na ambavyo vimeshainstaliwa. Havina kazi tena. "sudo journalctl --vacuum-size=100M" inapunguza daftari ambalo mashini inajiandikia yenyewe kila siku. Halafu pipa la takataka: watu wanafuta vitu kwenye picha wakidhani vimekwisha, kumbe viko kwenye pipa miezi na miezi. Kwetu kitu kikubwa kabisa kilikuwa hicho hicho, pamoja na karatasi zilizopigwa skana kwa ukubwa unaofaa kuchapisha bango la barabarani, kila moja mara tatu. Tulizigusa zile nakala za pili na za tatu tu, baada ya kufungua na kulinganisha. Kitu ambacho hukijui, usikifute. Hasa ndani ya folda za sistemi: mtu anaona jina geni, anafuta, na hapo ule ugonjwa wa mafua unageuka kuwa wa kweli. Tulipofika 81% tukaandika "sudo reboot", na katibu akaingia kwa mlango wa mbele kama kawaida.

Diski kujaa ndiyo ninayoikuta mara nyingi katika biro za vijijini, lakini siyo peke yake.

Ya pili ni umeme kukatika katikati ya kazi. Hapa munajua maisha yetu: plake juu ya bati, batri iliyochoka, grupe inayoishiwa mafuta. Mashini iko katikati ya kujiongezea programu mpya, batri inaanguka. Vifurushi vingine vimefunguliwa, vingine bado, na karani ni mmoja wa walioachwa nusu. Dawa, kwenye mlango wa maandishi: "sudo dpkg --configure -a", ambayo inamwambia fundi wa ndani amalizie kila alichokiacha. Halafu "sudo apt -f install", ambayo inaweza kutaka intaneti. Fanyeni hiyo mukiwa na umeme wa uhakika, asubuhi jua likiwa juu, siyo jioni na batri ya mwisho. Na kwa ujumla, kujiongezea programu mpya kufanyike siku moja inayojulikana, mtu akiwa pale, siyo mashini ijifanyie yenyewe saa ya kufunga biro.

Ya tatu tuliiona kwenye ile mashini ya kituo cha ushonaji, yenye Xubuntu. Dalili ni zile zile, unapokelewa halafu unarudishwa, lakini diski ilikuwa na nafasi tele. Kuna faili ndogo iliyofichwa ndani ya folda ya mtumiaji, inaitwa .Xauthority, njo ule ufunguo wa muda niliousema. Kijana mmoja alikuwa amefungua madirisha kwa nguvu ya msimamizi, kwa sudo, na ile faili ikawa mali ya msimamizi. Kesho yake mwenyewe anafika, ufunguo wa nyumba yake una jina la mtu mwingine. Ukiandika "ls -la .Xauthority" na ukaona neno root mara mbili mahali pa jina lako, umeipata. Unairudisha kwa mwenyewe: "sudo chown", nafasi, jina lako, nukta mbili, jina lako tena, nafasi, jina la faili. Sekunde kumi.

Mara nyingine karani mwenyewe hajaamka tu. "systemctl status gdm3" itakuambia kama yuko hai au ameanguka. "sudo systemctl restart gdm3" inamwamsha. Kama hujui karani wako ni nani, "cat /etc/X11/default-display-manager" inataja jina lake.

Kuna na habari ya kadi ya picha. Sistemi imepata kiini kipya, na hicho hakielewani na kile chuma kinachochora ekra. Hapo hata Ctrl na Alt na F3 inaweza kuleta giza. Unawasha upya, unashikilia Shift au unabonyeza Esc mapema (inategemea mashini), menyu ya GRUB inatokea, unaingia kwenye options avancées na kuchagua kiini cha zamani, ambacho jana kilikuwa kinafanya kazi. Au unabonyeza e, unatafuta mstari unaoanza na neno linux, unaongeza neno nomodeset mwishoni mwake, unabonyeza F10. Hilo linaiambia mashini ichore kwa namna rahisi, bila ufundi mwingi. Ni la mara moja tu, ukizima linaondoka. Katika menyu hiyo hiyo kuna mistari yenye maneno recovery mode, mlango wa tatu, kwa wale waliokwisha kuzoea.

Na kama milango yote imekataa? Bado siyo saa ya kuformati. Tuko na flashi moja yenye Ubuntu nzima ndani yake. Mashini inaamka kutoka kwenye flashi badala ya diski, unachagua Essayer, yaani kujaribu bila kuinstali, na diski ya ndani inaonekana pembeni kama sanduku. Unafungua, unanakili vyenu kwenye flashi nyingine. Baada ya hapo, kama bado kuna sababu ya kuformati, formatini na amani. Tofauti ya fundi mzuri na mbaya mimi naipima hapo tu: anauliza "nakala zenu ziko wapi?" kabla ya kutaja bei, au hapana? Yule wa dola 60 simwiti mwizi. Wengi wao walijifunza kazi kwa Windows zisizo na leseni, na kuformati ndiyo dawa waliyofundishwa kwa kila homa. Lakini hatulazimiki kuinunua.

Kwa ndugu zetu wafadhili, munisamehe nikisema wazi. Barua yenu ya mwisho iliuliza kama tunahitaji kompyuta nyingine. Mimi kama ningeulizwa, ningesema hapana, au siyo kwanza. Tunahitaji diski ya nje moja ya kuweka nakala, itakayolala nyumbani kwa mtu mwingine na siyo biro. Tunahitaji ondilere, kile chombo kinachoshikilia umeme dakika chache ili mashini izimwe kwa heshima. Na siku mbili za mafunzo kwa watu watatu, wawili kati yao mama, maana leo katibu akienda Uvira hakuna anayejua neno la siri wala mlango wa nyuma. Vitu hivyo vyote pamoja havifiki bei ya mashini mpya. Mashini mpya bila hivyo itajaa na kugoma kama hii.

Baada ya mazungumzo watu waliuliza, na komite imeniomba niandike maswali mawili.

Mama mmoja wa Mboko alisema: "Mwanangu, wewe umetuambia flashi inaweza kufungua diski bila neno la siri. Basi mwizi naye anaweza. Yule anayelima shamba langu naye anaweza. Siri yetu iko wapi?" Ni swali zuri kuliko yote. Jibu ni kweli: neno la siri la skrini ya kuingilia linamzuia mtu anayepita mlangoni, halimzuii mtu aliyebeba mashini kwenda nayo nyumbani. Kuna njia ya kufunga diski nzima kwa ufunguo wakati wa kuinstali Ubuntu. Hapo hata flashi haioni kitu. Lakini ukifunga hivyo na mukasahau ule ufunguo, hata mimi, hata aliyetengeneza Ubuntu, hatawafungulia. Karatasi za mashamba zitakuwa zimekufa na mashini ni nzima. Kwa hiyo hilo siyo la fundi kuamua. Komite ikae, iamue nani atashika ufunguo, nakala yake ya karatasi itafungiwa wapi, na mashahidi ni akina nani. Kwa sasa, kufuli nzuri kwenye kabati ya biro na ile diski ya nje mahali pengine.

Kijana mmoja aliuliza: "Na Windows je?" Ya shule na ya dispansari ni Windows. Kule nako mizigo mara nyingi haijazama. Kwenye skrini ya kuingilia kuna kifungo cha kuzima. Ukishikilia Shift na kuchagua kuwasha upya, inakupeleka kwenye matengenezo, na humo kuna namna ya kuamka kwa vitu vichache tu, njia salama. Ikishindwa kuamka mara kadhaa mfululizo, yenyewe inajipeleka huko. Jihadharini na mahali pamoja: inapouliza kurudisha mashini katika hali ya mwanzo, kuna chaguo la kubakiza faili zenu na chaguo la kufuta vyote, yako moja juu ya lingine. Someni polepole. Na ile flashi yetu ya Ubuntu inaweza kuwasaidia na wao kuokoa faili, isipokuwa diski imefungwa kwa BitLocker, hapo watadaiwa ufunguo wa akiba. Mashini nyingi za zamani huku ziko na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaotaka kuongea juu ya kuhamia kwingine, tuongee, lakini nakala kwanza.

Flashi ya Ubuntu iko kwa mhasibu, ndani ya bahasha, na karatasi yenye amri zote nilizotaja leo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mazoezi ya kwanza ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, biro. Tutaizima mashini ya zamani ile, tutaijaza diski makusudi, na kila mmoja atajaribu kuingia mwenyewe.